Warushaji wa besiboli wa Uganda: mkono pekee hautoshi, sherti makaratasi na uvumilivu

Hapa Kitshanga, mzazi akisema mtoto wake anataka kuishi kwa michezo, wote tunaelewa jambo moja: mupira wa miguu. Besiboli tunaionaga mara moja moja katika filamu za Marekani. Mwanaume amevaa kofia, anarusha kampira kadogo, mwingine anangoja na fimbo mkononi. Hatuelewi nani ameshinda, tunabadilisha filamu.

Lakini kwa jirani zetu wa Uganda mambo yamesonga. Mwaka wa 2022, klabu ya Los Angeles Dodgers ya Marekani ilisaini vijana wawili warushaji, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka wa 2023, klabu ya Pittsburgh Pirates ikamsaini Mganda mwingine, David Matoma, mrushaji ambaye mpira wake unafika karibu kilomita 160 kwa saa. Mwanzoni mwa 2025, Dodgers wakamchukua kijana wa Sudani Kusini, Joseph Deng, naye pia mrushaji.

Habari za namna hii zinafika kwetu kwa simu, na mara nyingi zinafika nusu. Tunaona picha ya kijana anayecheka na kofia mpya, tunaona neno "dola", basi. Na kijana wa hapa Masisi, ambaye masomo yake yamekatwa na vita mara mbili au tatu, anaangalia ile picha na kujiuliza: na mimi je? Swali lake ni la haki. Ndiyo maana inafaa tueleze pia ile nusu ambayo picha haionyeshi: kazi yenyewe ni gani, inachukua miaka mingapi, inalipa nini, na ni kitu gani kinaweza kufunga mlango hata kabla kijana hajarusha mpira wa kwanza.

Kazi ya mrushaji wa akiba

Tuanze na mchezo wenyewe. Mrushaji anasimama katikati ya uwanja, mita 18 na kidogo kutoka kwa mpigaji. Anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa fimbo. Mpigaji akikosa mara 3, anatoka. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana zamu. Mchezo mzima una vipindi 9.

Yule anayeanza kurusha anachoka, mara nyingi kisha vipindi 5 ama 6. Hapo kocha anaita mwingine amalizie. Huyo anayeitwa njo mrushaji wa akiba.

Tusimfananishe sana na mchezaji wa akiba wa mupira wa miguu, ambaye anaketi kwenye benchi juu wenzake wamemzidi. Katika besiboli, kuingia katikati ya mchezo ni kazi kamili, iko na watu wake. Kila klabu kubwa ina warushaji wa akiba 7 ama 8. Wanakaa pembeni ya uwanja, wanaangalia, wanangoja. Kocha akitoa ishara, mmoja anaanza kupasha mkono moto. Pengine ataitwa. Pengine ataambiwa aketi tena, na kesho yake aanze upya. Akiitwa, mara nyingi mambo yameisha kuharibika: wapinzani wako karibu kufunga, watazamaji wanapiga kelele, na yeye ana mipira michache tu ya kutengeneza kile ambacho mwenzake ameacha. Tangu 2020 kanuni inamlazimisha kupambana na wapigaji 3 angalau, ama amalize kipindi, mbele ya kubadilishwa. Hawezi kuingia na kukimbia.

Akifanya vizuri, kesho yake watu wanazungumza juu ya yule aliyepiga mpira mbali. Akikosea mpira mmoja, wanasema ni yeye amepoteza mchezo.

Sasa, kwa nini klabu za Marekani zinatafuta warushaji katika nchi ambazo hazina besiboli nyingi? Sababu iko. Kupiga mpira unaokuja kwa kasi kubwa ni kitu cha kujifunza toka utoto. Sherti jicho lizoee maelfu ya mipira. Lakini kurusha kwa nguvu kunatokana kwanza na mwili: mabega, mikono mirefu, miguu yenye nguvu. Kijana mwenye mwili huo anaweza kufundishwa hata akianza kwa kuchelewa. Tena, yule anayeanza mchezo anahitaji namna 3 ama 4 za kurusha ili wapigaji wasimzoee. Mrushaji wa akiba anaweza kuishi na namna 2 tu, kama ni nzuri kweli. Kwa hiyo, kwa kijana wa Afrika, mlango huu wa akiba njo uko karibu zaidi kuliko mingine.

Karibu, lakini si wazi.

Uganda walifungiwa mlango kwanza

Watu wengi wanafikiri safari ya Waganda ilianza na mikataba ya 2022. Hapana. Ilianza miaka zaidi ya 10 nyuma, na ilianza na aibu ya makaratasi.

Mwaka wa 2011, timu ya watoto ya Kampala ilishinda mashindano ya kanda yake, yaliyofanyika Poland. Kwa ushindi huo ilipata haki ya kwenda Williamsport, Marekani, katika mashindano ya dunia ya watoto. Ingekuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kufika kule. Watoto walikuwa tayari, jina lao lilikuwa limeisha kutangazwa. Kisha Wamarekani wakakataa visa. Sababu haikuwa mchezo: makaratasi ya kuonyesha umri na kuzaliwa kwa watoto wale hayakupatana. Nafasi yao ikapewa timu ya Saudi Arabia, ambayo Waganda walikuwa wameishinda.

Timu ya Kanada, kutoka Langley, ilikuwa imepangwa kucheza na Waganda kule Marekani. Mwanzoni mwa 2012, Wakanada hao walipanda ndege mpaka Uganda ili mchezo uliokosekana uchezwe. Ulichezwa, na Waganda wakashinda. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini Williamsport ilikuwa imepita.

Wakubwa wa mchezo kule Uganda walijifunza kwa maumivu. Mwaka huohuo wa 2012, timu nyingine, ya Lugazi, ilienda na makaratasi yaliyonyooka. Ikafika, na ikashinda mchezo mmoja juu ya timu ya Oregon, 3 kwa 2. Mwaka wa 2015, Waganda walirudi tena na kuwashinda watoto wa Dominika 4 kwa 1, nchi ambayo besiboli kwao ni kama ugali. Kisha njo klabu za Marekani zikaanza kuangalia Uganda kwa macho mengine.

Kwa hiyo, kabla ya mkono wa Matoma kuonekana, kulikuwa na wazazi, waalimu na makocha waliotafuta akte za kuzaliwa. Hakuna anayepiga picha ya kazi ile.

Miaka minane kwa mchezo wa kwanza

Mkataba ukiisha kusainiwa, kijana anaenda wapi? Si kwenye uwanja mkubwa wa televisheni. Vijana wengi kutoka nje wanaanzia Dominika, katika ligi ya mafunzo. Kutoka pale, mwenye bahati anaingia ligi ya mafunzo kule Marekani, kisha ngazi 4 za ligi ndogo, moja juu ya nyingine. Matoma mwenyewe alipitia Dominika, akafika Florida mwaka wa 2024. Mpaka mwisho wa msimu ule wa 2024, hakuna Mganda hata mmoja aliyekuwa amecheza ligi kuu.

Ili kujua safari nzima inafananaje, tuangalie Waafrika waliofika. Wa kwanza ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Hakuwa mrushaji, lakini yeye njo Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kucheza ligi kuu. Pirates, klabu ileile ya Matoma, walimsaini mwaka wa 2008. Alicheza ligi kuu mara ya kwanza mwezi wa nne 2017. Hesabu: miaka 9.

Wa pili ni Tayler Scott, mrushaji wa akiba, aliyezaliwa Johannesburg mwaka wa 1992. Maisha yake ni somo lenyewe la kazi hii. Alihamia Arizona akiwa kijana ili acheze besiboli, na mwaka wa 2011 Chicago Cubs wakamchagua. Alikaa katika ligi ndogo miaka na miaka. Cubs wakamwacha. Mwaka wa 2016 alijikuta akirusha kule Sioux City, katika ligi ambayo haina klabu kubwa nyuma yake, mahali ambapo wengi wanamalizia. Alipata klabu nyingine, Milwaukee. Milwaukee wakamtoa kwa Texas ili wampate mrushaji mwingine. Tarehe 8 mwezi wa sita 2019, akiwa na Seattle, alisimama katikati ya uwanja wa ligi kuu: mrushaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kufika pale. Miaka 8 ilikuwa imepita tangu Cubs wamchague.

Mtu angesema, basi, ameshinda, hadithi imeisha. Kumbe bado. Mwaka uleule wa 2019 alipigwa vibaya, na akahama tena, akaenda Baltimore. Kisha akaenda kutafuta kazi Japani, kwa klabu ya Hiroshima. Akarudi Marekani mwaka wa 2022 na San Diego. Mwaka wa 2023 peke yake alirusha kwa klabu 3 tofauti za ligi kuu. Ni mwaka wa 2024, akiwa na miaka 32, kule Houston, ambapo kila kitu kilikaa sawa: aliingia katika michezo 62, na wapinzani walipata pointi 2 na kidogo tu juu yake kwa kila vipindi 9. Ni alama ya mrushaji mzuri sana.

Miaka 13 toka kuchaguliwa mpaka msimu ule mzuri. Na katikati: kufukuzwa, kubadilishwa, kuvuka bahari, kuanza upya. Hiyo njo kazi ya mrushaji wa akiba. Klabu inamwita leo, wiki ijayo inamrudisha ligi ndogo, kisha inamwita tena. Zamani ilikuwa bila mwisho. Tangu 2022 kanuni inasema klabu haiwezi kumrudisha mchezaji mmoja zaidi ya mara 5 kwa msimu. Hata hiyo mara 5 ni kufunga sanduku mara 5.

Na mkono wenyewe unachakaa. Ugonjwa wa warushaji uko kwenye kiwiko: kano inakatika. Tangu 1974 madaktari wanajua kuitengeneza kwa upasuaji, lakini mchezaji anapumzika mwaka mmoja, mara nyingine mwaka na nusu. Mtu wa akiba anayekosa mwaka mzima anarudi akikuta kijana mwingine anapasha mkono mahali pake.

Hesabu ya pesa

Tuseme wazi juu ya pesa, juu hapo njo uongo unaingia.

Katika ligi kuu, mshahara wa chini kabisa mwaka wa 2024 ulikuwa dola 740.000 kwa msimu mzima. Ndiyo, ni pesa nyingi. Lakini inalipwa kwa siku ambazo mchezaji yuko katika ligi kuu. Akikaa siku 10, analipwa za siku 10.

Katika ligi ndogo hali ni nyingine. Mpaka 2022, mchezaji wa ngazi ya chini alipata kama dola 4.800 kwa mwaka, na wa ngazi ya juu kabisa dola 17.500. Wachezaji walipigania haki yao, wakaingia katika sendika, na mwaka wa 2023 makubaliano mapya yakapandisha mishahara: dola 19.800 kwa wale wa ligi ya mafunzo ya Marekani, mpaka dola 35.800 kwa ngazi ya juu. Kwa mtu wa Kitshanga inaonekana ni mali. Kwa mtu anayekula na kulipa kodi Marekani, ni maisha ya kujibana. Na vijana wanaocheza Dominika, mahali ambapo Waafrika wengi wanaanzia, hawakuwekwa katika makubaliano yale.

Nafasi nazo ni ngapi? Ligi kuu ina klabu 30. Kila moja ikiwa na warushaji wa akiba 8, ni nafasi 240. Kwa dunia nzima: Marekani, Dominika, Venezuela, Japani, Cuba, wote.

Hatusemi haya ili kuvunja moyo wa mtu. Kijana wa Uganda anayelipwa dola 19.800, anayepata kocha, daktari na kujifunza lugha, amepiga hatua hata asipofika ligi kuu. Lakini mzazi anayeambiwa "mtoto wako atakuwa milionea kisha mwaka mmoja" sherti ajue kwamba Ngoepe alingoja 9 na Scott alingoja 8.

Na sisi hapa: miaka ya mtoto wako ni mingapi?

Sasa turudi nyumbani. Besiboli haiko hapa, na hatudanganyi mtu kwamba kesho Dodgers watafika Kitshanga. Lakini mupira wa miguu uko, mbio ziko, na vijana wenye nguvu wako. Kile kilichowafunga Waganda mwaka wa 2011 kinaweza kutufunga sisi katika mchezo wowote, na pia katika masomo ya nje au safari ya ukimbizi. Ni karatasi ya kuzaliwa.

Sheria ya Kongo inampa mzazi siku 90 tangu kuzaliwa ili aandikishe mtoto kwenye eta-sivili. Siku hizo zikipita, sherti apitie mahakamani, na hapo gharama na safari zinaanza. Uchunguzi mkubwa wa nchi uliofanyika 2017 na 2018 ulionyesha kwamba watoto 4 tu kati ya 10 walio chini ya miaka 5 ndio walikuwa wameandikishwa. Hiyo ni nchi nzima, pamoja na miji mikubwa. Kwetu, mahali ambapo mama anaweza kujifungua njiani akikimbia, kila mmoja anajua mwenyewe.

Hata walioandikishwa, wengi wamepoteza. Tunakumbuka mwezi wa pili na wa tatu 2013, mapigano yalipochoma nyumba nyingi hapa Kitshanga. Tunakumbuka mwezi wa kwanza 2023, M23 ilipoingia na watu wakakimbilia Goma, Sake na kwingine na godoro kichwani. Katika mbio kama hizo mtu anachukua mtoto na sufuria. Akte inabaki sandukuni, na nyumba inabaki nyuma.

Lakini kuna jambo moja ambalo vita havikutufanyia, tunajifanyia wenyewe. Ni kupunguza miaka. Tunalijua wote: mashindano ya watoto yanakuja, kocha anataka kushinda, kijana wa miaka 17 anaandikwa 14. Watu wanacheka, timu inachukua kikombe. Baadaye, siku mtu wa kweli anakuja kumwangalia yule kijana, karatasi ya shule inasema mwaka huu, kadi ya ubatizo inasema mwaka ule, kadi ya klabu inasema mwaka mwingine. Klabu za besiboli zinachunguza umri kabla ya kusaini mtu. Katika mupira wa miguu, FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa. Tarehe zikigongana, hakuna anayebaki kuuliza mkono wako una nguvu gani. Faili inafungwa. Kikombe cha kijiji kimemla mtoto.

Basi mzazi afanye nini? Achague tarehe moja, ile ya kweli, na ihakikishwe kwamba ni hiyohiyo kwenye kadi ya chanjo, kwenye kadi ya ubatizo au ya msikiti, na kwenye buletini ya shule. Makaratasi hayo yote apige picha kwa simu na amtumie ndugu aliye mbali, ili nyumba ikiungua, picha ibaki. Na kama kuna mtoto mchanga ndani ya nyumba, siku 90 zake zimeisha kuanza kuhesabika.

Anayeomba pesa

Neno la mwisho ni juu ya wanaokuja na ahadi. Jina la Uganda likianza kusikika kwa namna hii, mtu hatakosa kuja kusema: "Niko na nafasi kule Kampala, mtoto aje na dola 300." Pima kwa mizani moja rahisi. Dodgers na Pirates waliwalipa wale vijana ili wasaini. Klabu ya kweli inatoa pesa. Haiombi pesa kwa mzazi. Anayeomba za "faili", za "visa" au za "kipimo cha daktari", huku hana jina la klabu, hana karatasi iliyosainiwa, na anataka mtoto avuke mpaka bila mzazi, huyo hatafuti mchezaji. Katika eneo ambalo watoto wamechukuliwa mara nyingi kwa ahadi, na si kwa kwenda kucheza, tunajua mwisho wake.

Tayler Scott alikaa pembeni ya viwanja vya nchi mbili, usiku kwa usiku, akiangalia mchezo ambao pengine hataitwa, na mkono wake ukiwa tayari. Kijana wa Kitshanga anajua kungoja kuliko wengi. Tofauti ni kwamba siku Scott alipoitwa, hakuna aliyekuwa na shaka yeye ni nani na alizaliwa lini. Hilo, angalau, tunaweza kuwatengenezea watoto wetu wakati wanangoja.